Kuchelewa, Kukawia na Kupitwa na Muda: Maana na Matumizi ya Maneno ya Kiingereza ya Wakati katika Mazingira ya Lugha Nne ya Wilaya ya Rusizi

Ikisiri

Makala hii inafafanua maana na matumizi ya maneno ya Kiingereza yanayohusu wakati na uchelewaji, kwa kuzingatia Wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu), magharibi mwa Rwanda, ambako Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hukutana katika shughuli za kila siku. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa maneno hayo hautokani na upungufu wa dhana ya wakati katika lugha za Kibantu, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Sehemu kubwa yake inatokana na Kiingereza kulibebesha neno moja mzigo ambao Kiswahili na Kinyarwanda huugawa kwa vitenzi viwili. Makala inaonyesha jinsi tofauti hiyo, pamoja na vihusishi vya ukomo na hesabu ya saa, inavyoweza kumkosesha msomaji haki yake. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa waandishi na wafasiri wa matangazo yenye ukomo wa muda.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Rusizi ilipata sura yake ya sasa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ambapo mkoa wa zamani wa Cyangugu uliingizwa katika Mkoa wa Magharibi. Mji wake wa Kamembe unatazamana na Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati yao unapita mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Upande wa kusini, bonde la Bugarama linapakana na Kongo na Burundi. Mtu anayefanya biashara katika eneo hili anaweza, kwa siku moja, kununua kwa Kinyarwanda, kupatana bei kwa Kiswahili, kujaza fomu ya Kifaransa na kusoma tangazo la Kiingereza.

Nafasi ya lugha hizo kisheria imebadilika kwa kasi. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 sheria maalumu ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Hivyo kingo zote mbili za mto Rusizi sasa zimo ndani ya Jumuiya ambayo kazi zake za kiofisi huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, na ambayo Mkataba wake wa mwaka 1999 ulikipa Kiswahili jukumu la kuwaunganisha wananchi wake.

Katika mazingira hayo, neno la wakati lina uzito wa pekee. Kosa la tafsiri katika hadithi huharibu ladha. Kosa la tafsiri katika tarehe ya mwisho humwondoa mtu kwenye zabuni, humtoza riba au humfungia mlango wa rufaa. Aliyekosea kusoma tarehe mara nyingi haambiwi kwamba tangazo halikueleweka. Huambiwa kwamba amechelewa.

2.0 Neno moja la Kiingereza, vitenzi viwili vya Kibantu

Neno la msingi katika kundi hili ni "late". Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha hasa "enye mwendo wa polepole". Baadaye likapata maana ya kutokea baada ya wakati uliopangwa, kisha likaenea: sehemu ya mwisho ya kipindi, kama vile mwisho wa mchana au miaka ya mwisho ya karne, usiku uliokwisha kwenda, na hata mtu aliyefariki. Kwa hiyo maneno mawili yaleyale, yakibadilishwa mpangilio, yanaweza kusema kwamba mwenyekiti amechelewa kufika au kwamba mwenyekiti ni marehemu. Kinyarwanda, kama Kiswahili, kina neno la pekee kwa maana hiyo ya pili, nalo ni nyakwigendera. Mfasiri hana sababu ya kupotea hapo iwapo ataangalia kama "late" limetangulia cheo au jina, tena likiwa na kibainishi "the".

Ugumu halisi uko kwenye maana mbili za mwanzo: polepole, na baada ya wakati. Kiswahili huzitenganisha. Kitenzi kuchelewa kinatokana na kucha, yaani kupambazuka, kikiwa katika kauli ya kutendewa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakiweka pamoja na mzizi huo. Aliyechelewa ni mtu ambaye jua limemchea. Mpaka fulani wa wakati umempita angali hajafika. Kitenzi kukawia, kwa upande wake, hakihitaji mpaka. Aliyekawia ametumia muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa, lakini huenda bado hajakosa kitu. Ndiyo maana wahenga walisema "Kawia ufike" wala hawakusema "Chelewa ufike". Kukawia kunaweza kuwa busara; kuchelewa ni hasara.

Kinyarwanda kina mgawanyo unaokaribiana sana na huo. Gukererwa ni kuchelewa jambo lenye wakati wake. Gutinda ni kukawia, kuchukua muda. Methali ya Kinyarwanda "Buhoro buhoro ni rwo rugendo", yaani mwendo wa polepole ndio safari, inausifu upole wa mwendo, wala haimsifu aliyefika mlango umekwisha kufungwa. Hata katika kauli ya kusababisha mgawanyo unabaki: gukerereza ni kumfanya mtu achelewe, na gutinza ni kulikawiza jambo. Kifaransa nacho, kwa njia nyingine, hutofautisha saa iliyokwenda, "tard", na mtu au chombo kilichopitwa na wakati wake, "en retard". Kiingereza hutumia "late" kwa hali zote mbili.

Matokeo yake ni ya kivitendo. Kiingereza cha mikataba kina pia neno "delay", ambalo kwa asili liko karibu na kukawia kuliko kuchelewa. Kifungu kinachosema kwamba mkandarasi atoe taarifa ya "any delay" kinamtaka aseme mara kazi inapoanza kukawia, kabla ya tarehe ya kukabidhi kufika. Kikitafsiriwa kuwa "atoe taarifa akichelewa", mkandarasi anaweza kuelewa kwamba wajibu wake unaanza baada ya tarehe hiyo kupita. Kufikia hapo, kwa mujibu wa mkataba wa Kiingereza, atakuwa amekwisha kuvunja kifungu. Tafsiri salama ni "atoe taarifa ya ukawiaji wowote wa kazi". Inafaa kuzingatiwa kwamba msomaji wa Kinyarwanda angeielewa tofauti hiyo bila taabu, kwa kuwa ni tofauti ya gutinda na gukererwa. Kiswahili kikitumiwa kwa usahihi, kinamfikisha msomaji wa Rusizi karibu zaidi na maana ya mkataba kuliko Kiingereza chenyewe.

Maneno "on time" na "in time" yana tatizo la namna hiyohiyo kwa upande wa pili, wa kutochelewa. La kwanza humaanisha kufuata saa iliyopangwa. La pili humaanisha kufika kabla nafasi haijapotea. Lori linaweza kuondoka Kamembe likiwa limekiuka ratiba na bado likafika mpakani kabla ya kufungwa. Kiswahili hupenda kusema "kwa wakati" kwa yote mawili. Njia bora ni kusema "kwa saa iliyopangwa" kwa la kwanza, na kutumia kitenzi kuwahi kwa la pili: lori liliwahi kabla mpaka haujafungwa.

3.0 Ukomo: vihusishi vidogo, wajibu mkubwa

Neno la Kiingereza "deadline" lina historia ngumu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, katika kambi ya wafungwa ya Andersonville, jimbo la Georgia, mwaka 1864, liliitwa hivyo zuio ambalo mfungwa akilivuka alipigwa risasi. Kinyarwanda cha matangazo hutumia itariki ntarengwa, yaani tarehe isiyopitwa, kutokana na kitenzi kurenga. Kiswahili kina "tarehe ya mwisho", na katika vyombo vya habari vya Kenya neno makataa limeshika mizizi. Dhana ya mpaka wa muda imo katika lugha zote hizi. Linalotatiza ni maneno yanayoonyesha mahali hasa mpaka huo ulipo.

Tazama mifano ifuatayo ya kubuni, iliyotungwa kwa mtindo wa matangazo ya kawaida:

(a) "Not later than 31 March". Tafsiri inayotokea mara nyingi ni "kabla ya tarehe 31 Machi". Tafsiri hiyo inamnyima msomaji siku nzima, kwa sababu maneno ya Kiingereza yanaihesabu tarehe 31 yenyewe. Usahihi ni "tarehe 31 Machi au kabla yake".

(b) "By" na "until". La kwanza hudai tendo liwe limekamilika kufikia wakati fulani. La pili huelezea tendo linaloendelea mpaka wakati fulani. "Lipa hadi Ijumaa" linaweza kusikika kama kulipa kidogo kidogo mpaka Ijumaa. "Malipo yawe yamekamilika ifikapo Ijumaa" ndiyo maana ya "by". Hata hivyo, Waingereza wenyewe hubishana kama "by Friday" inaijumuisha Ijumaa, hivyo mwandishi mwangalifu huongeza saa.

(c) "Within 30 days of receipt". Swali hapa ni siku ya kwanza. Kanuni ya kawaida katika sheria za Kiingereza ni kutoihesabu siku ya tukio lenyewe. Hesabu huanza kesho yake. Yakiongezwa maneno "clear days", siku ya mwisho nayo haihesabiwi. Tafsiri "ndani ya siku 30" haitoshi. Inafaa kuandika "ndani ya siku 30, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kupokea".

(d) "Due", "overdue" na "in due course". Deni lililo "due" limefikia siku yake ya kulipwa. Deni lililo "overdue" limeipita. Mdaiwa wa kwanza hajakosa lolote, na kumwandikia kwamba "amechelewa kulipa" ni kumsingizia. Kwa upande mwingine, basi lililo "due" linatarajiwa tu, halidaiwi. Nayo "in due course", inayopamba barua nyingi za ofisi, haina tarehe yoyote ndani yake. Mwananchi anayeisoma kama ahadi ya siku maalumu anasubiri kitu ambacho hakikuahidiwa. Kiswahili kinaisema bila kuficha: "wakati wake utakapofika".

(e) "Time is of the essence". Wafasiri wengi huiona kama himizo la kufanya haraka, wakaandika "muda ni muhimu". Katika mkataba wa Kiingereza maneno haya ni sharti: upande mmoja ukipitisha muda, hata kwa siku moja, upande wa pili unaweza kupata haki ya kuuvunja mkataba. Tafsiri inayolinda pande zote ni "kutimiza muda ni sharti la msingi la mkataba huu". Mfanyabiashara wa Kamembe anayetia saini chini ya maneno "muda ni muhimu" hajaambiwa alichokubali.

Ni vyema pia kutaja "soon" na ndugu zake. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha papo hapo. Matumizi ya karne nyingi yamelilegeza hadi likawa "baada ya muda usio mrefu". Kwa hiyo "as soon as possible" haina ukomo unaoweza kupimwa. Kuitafsiri kwa "mara moja" ni kuikaza kuliko ilivyo. "Mapema iwezekanavyo" inatosha.

4.0 Mbele na nyuma

Kosa la hatari kuliko yote huenda ni lile ambalo tafsiri yake inaonekana sahihi. Kwa Kiingereza, "to bring a meeting forward" ni kuufanya uwe mapema zaidi. Katika Kiswahili cha kawaida, mkutano uliosogezwa mbele umeahirishwa. Mfasiri anayefuata neno kwa neno hutoa ujumbe ulio kinyume kabisa: kikao kilichotolewa Ijumaa na kuletwa Jumatano kinaeleweka kuwa kimepelekwa wiki inayofuata. Wajumbe wa Rusizi watafika baada ya maamuzi kupitishwa.

Kiingereza chenyewe hakiko salama. Tafiti za saikolojia ya lugha zimeonyesha kwamba wazungumzaji wake, wakiambiwa mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward" kwa siku mbili, hugawanyika: wengine husema sasa ni Jumatatu, wengine Ijumaa. Sababu ni kwamba mtu anaweza kujiona akitembea kuelekea wakati ujao, au akauona wakati ukimjia. Kwa kuwa taswira hizi hazilingani, maneno mbele na nyuma hayafai kwenye tangazo rasmi. Kiswahili kina kuahirisha kwa kupeleka baadaye. Kwa kinyume chake "kuwahisha" au "kufanya mapema zaidi" kunatosha, ilimradi tarehe ya zamani na mpya zote ziandikwe.

5.0 Hesabu ya saa na kanda za wakati

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mawio na machweo. Kinyarwanda kimeichukua hesabu hiyo pamoja na maneno yake: saa tatu za asubuhi, saa sita za mchana, na baadhi ya saa zimevaa tarakimu za Kinyarwanda, kama saa munani na saa cyenda, yaani saa nane na saa tisa. Kwa Rusizi hesabu hiyo inalingana vizuri na jua. Wilaya iko karibu na nyuzi 29 Mashariki, na saa rasmi ya Rwanda imewekwa kwa nyuzi 30, hivyo saa sita mchana ya saa ya ukutani iko karibu sana na adhuhuri ya kweli.

Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa alama "a.m." na "p.m.", Kifaransa cha ofisi hutumia saa 24. Tarakimu 3 kwa hiyo ina njia mbili za kupotosha: "3 p.m." ikiandikwa "saa tatu" inakuwa saa sita nzima mbali na ukweli. Usahihi ni saa tisa alasiri.

Juu ya hilo ziko kanda za wakati. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hutumia saa inayotangulia ile ya dunia kwa saa mbili. Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa tatu. Kinshasa kwa saa moja. Tangazo la Arusha lenye ukomo wa saa nne asubuhi kwa saa ya Afrika Mashariki linaisha saa tatu asubuhi huko Kamembe na Bukavu, na saa mbili asubuhi huko Kinshasa. Mwombaji wa Rusizi anayetuma nyaraka zake saa tatu na nusu kwa saa yake amechelewa nusu saa, ingawa saa yake ya ukutani inamwambia kwamba amewahi kwa nusu saa.

6.0 Je, tatizo ni dhana ya wakati?

Uchelewaji unapojadiliwa kwa Kiingereza, mara nyingi huzuka msemo wa "African time", kana kwamba maelezo yamekamilika. Msemo huo una kivuli chake katika taaluma. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya, akitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani, alidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao wa mbali. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga.

Ushahidi wa Kinyarwanda ungeweza kutumiwa vibaya hapa, kwa kuwa neno ejo humaanisha jana na pia kesho. Lakini mzungumzaji hachanganyikiwi. Kitenzi huonyesha njeo, na panapohitajika husemwa ejo hashize, ile iliyopita, au ejo hazaza, ile itakayokuja. Kiambishi ha- katika maneno hayo ni cha ngeli ya mahali. Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956, aliiita hantu kategoria inayounganisha mahali na wakati. Kiswahili kina jambo hilohilo katika -po-: alipofika inaweza kuwa mahali au wakati wa kufika. Ndiyo sababu ifikapo saa tisa ni kauli kali na kamili: inaweka alama kwenye wakati kama mtu anavyoweka jiwe la mpaka shambani.

Kwa hiyo lugha hizi zina zana za kueleza ukomo kwa usahihi. Kumlaumu msomaji kwa utamaduni wake, wakati tangazo lenyewe halikutaja siku ya kwanza, saa wala kanda, ni kumtwisha kosa la mwandishi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba maneno ya Kiingereza ya uchelewaji yana maana zinazotegemea muktadha, na kwamba Kiswahili na Kinyarwanda hugawa maana hizo kwa namna inayokaribiana. Ukaribu huo ni rasilimali ya kisera. Yafuatayo yanapendekezwa:

Kwanza, kila tangazo lenye ukomo litaje siku, tarehe, saa kwa hesabu ya saa 24 na kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na kanda ya wakati. Kwa mfano: "Ijumaa, saa 9:00 alasiri (15:00), kwa saa ya Rwanda".

Pili, tangazo liseme waziwazi kama siku ya mwisho imo, na hesabu ya siku inaanza lini.

Tatu, kuchelewa na kukawia visitumiwe kama visawe katika mikataba na fomu. Kuchelewa kubaki kwa mpaka uliokwisha pita. Kukawia kwa mwendo wa kazi.

Nne, maneno mbele na nyuma yaepukwe katika kubadilisha ratiba.

Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ishirikiane na BAKITA ya Tanzania na Inteko y'Umuco ya Rwanda kuandaa orodha fupi ya istilahi za ukomo, yenye safu za Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili na Kinyarwanda. Orodha hiyo ijaribiwe kwanza mipakani, kwa wasomaji wanaoathirika nayo, kabla ya kupitishwa.

Gharama ya mapendekezo haya ni mistari miwili au mitatu zaidi katika kila tangazo. Bila mistari hiyo, mzigo unabaki kwa mfanyabiashara wa Kamembe ambaye amelisoma tangazo lote kwa makini, akafika siku aliyoielewa, na akaukuta mlango umefungwa.